Kwa nini makazi ya Terrain mjini Juba hayasahauliki?

Jebel kwa Kiarabu ni mlima, na eneo la Jebel mjini Juba limepata jina lake kutokana na mlima Kujur ulio karibu. Hapo ndipo yalipokuwa makazi ya Terrain: vyumba vya hoteli na jengo dogo la ghorofa ndani ya ukuta mmoja, ambamo walipanga wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Kambi kuu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa umbali wa takribani kilomita moja tu.

Ujirani huo haukuwafaa kitu. Mapigano kati ya vikosi vya Rais Salva Kiir na vya makamu wake, Riek Machar, yalizuka upya Julai 2016, nchi ikikaribia kutimiza miaka 5 ya uhuru. Alasiri ya Julai 11, wanajeshi wa serikali walivunja lango la Terrain. Wapangaji walikimbilia ghorofani na kujifungia, huku wakituma ujumbe wa kuomba msaada. Wanajeshi walimuua mwandishi wa habari John Gatluak, wakawabaka wanawake wa kigeni na kupora kila kilichobebeka. Walinda amani hawakutoka kambini. Baadhi ya waathiriwa walikaa humo hadi asubuhi iliyofuata.

Uchunguzi ulioongozwa na jenerali mstaafu wa Uholanzi, Patrick Cammaert, uliulaumu ujumbe wa Umoja wa Mataifa kwa uongozi dhaifu. Kamanda wa vikosi vyake, Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki wa Kenya, alifutwa kazi Novemba 2016. Nairobi ilikasirika, ikisema ametolewa kafara, na ikatangaza kuwaondoa wanajeshi wake Sudan Kusini.

Kesi ilianza mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 2017. Septemba 6, 2018, wanajeshi 10 walitiwa hatiani, wawili kati yao wakafungwa maisha kwa mauaji. Serikali iliamriwa kuilipa familia ya Gatluak ng'ombe 51, na kila mwanamke aliyebakwa dola 4,000. Mmiliki wa Terrain, raia wa Uingereza, aliamuriwa alipwe zaidi ya dola milioni 2 kwa mali yake. Tofauti ya viwango hivyo ilizua malalamiko: kuta na samani zilithaminiwa kuliko walioumizwa ndani yake.