Kifaa cha Kusikia Lubumbashi: Kukichagua, Kukivaa na Kukitunza

Kifaa cha kusikia, ambacho wengine hukiita shimesikio, ni mashine ndogo yenye sehemu nne: maikrofoni inayonasa sauti, kikuza sauti kinachoipa nguvu, spika inayoisukuma ndani ya sikio, na betri. Hakitibu sikio wala hakirudishi usikivu uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kuzichukua sauti ambazo sikio halizipati tena na kuzipandisha mpaka lizipate. Mjini Lubumbashi anayekihitaji hukumbana na maswali mawili ambayo muuzaji huwa na haraka ya kuyaruka: nani atakirekebisha kilingane na sikio lake, na betri za mwezi ujao zitatoka wapi. Maswali hayo yana uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye kifaa.

Katika ripoti yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kimoja au kingine, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Kwa hesabu za shirika hilo, wanaotumia kifaa duniani hawafiki hata mmoja kati ya watano ambao kingewafaa. Barani Afrika pengo ni pana zaidi.

Lubumbashi ina sababu zake. Mji ulizaliwa na shaba. Kiwanda cha kuyeyusha madini kilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na mpaka leo bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaonekana kutoka katikati ya mji, katika komini ya Lubumbashi. Vizazi kadhaa vya wanaume vimefanya kazi karibu na mashine za kutoboa mwamba, kompresa na baruti, na wengi hawakuwa na kinga yoyote masikioni. Kipimo kinachotumika sana duniani ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Ukipita hapo siku baada ya siku, sikio linaanza kuumia. Siku hizi kelele haziko mgodini tu. Ziko kwenye mashine za kusaga mahindi ya bukari, kwenye jenereta zinazonguruma umeme unapokatika, na mbele ya spika za baa na za makanisa.

Kelele hazimalizi usikivu wote kwa mara moja. Hushambulia kwanza sauti nyembamba, za karibu hezi 4,000, na kuziacha zile nzito. Ndiyo maana mzee aliyestaafu mgodini hulisikia lori barabarani na ngoma kwa jirani, ila mjukuu akimwambia jambo haelewi. Irabu huzipata, zinazompotea ni konsonanti hafifu kama s, f, sh, p na t. Kwake “fika”, “shika” na “pika” ni neno moja. Hukasirika kwamba watu wa leo hawatamki vizuri, na kwa jinsi anavyosikia, hasemi uongo.

Sababu nyingine hazina uhusiano na mgodi. Usaha wa masikio unaojirudia utotoni hutoboa kiwambo cha sikio. Homa ya uti wa mgongo inaweza kumwachia mtoto uziwi mzito ndani ya siku chache. Dawa nazo zimo: kwinini huleta mlio masikioni ambao kwa kawaida hupungua dawa ikiisha, lakini streptomisini, jentamisini na kanamisini zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja. Kanamisini ilitumika miaka mingi kwa kifua kikuu sugu, kabla WHO haijaacha kuipendekeza. Juu ya yote hayo kuna uzee.

Kwa hiyo safari huanzia kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, na siyo dukani. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoganda tu, na kuisafisha kunatosha. Usaha, maumivu, kizunguzungu, au sikio moja kupungukiwa kuliko lingine ni dalili za kuchunguzwa kabla ya kuvaa chochote. Anayeamka na kukuta sikio moja limeziba ghafla bila mafua wala nta asingoje wiki iishe. Uziwi wa ghafla una dawa ambazo hufaa zaidi zikianzwa katika siku za mwanzo.

Baada ya daktari hufuata kipimo chenyewe. Mtu hukaa mahali patulivu, amevaa vipokea sauti, na kila akisikia mlio, hata ukiwa hafifu sana, hubonyeza kitufe au huinua mkono. Kisha kidude kinachotetema huwekwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ili ijulikane kama kasoro iko kwenye njia ya sauti au kwenye sikio la ndani na neva. Matokeo huchorwa kwenye grafu iitwayo odiogramu. Anayesikia sauti za desibeli 20 au chini yake yuko sawa. Kuanzia 35 hivi mazungumzo ya kawaida yanaanza kumponyoka. Kuanzia 65 upungufu ni mkali, na kuanzia 80 ni mzito kabisa. Karatasi hiyo ni ya mgonjwa. Aiombe na aihifadhi, kwa kuwa bila hiyo hakuna fundi anayeweza kukipanga kifaa ipasavyo, awe Lubumbashi, Lusaka au Brussels.

Vifaa viko vya maumbo kadhaa. Kile cha kukaa nyuma ya sikio hupeleka sauti kwa kimpira chembamba hadi kwenye kiziba kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mwenyewe. Kuna jamii yake ambayo spika yake imeshushwa ndani ya tundu la sikio, na waya mwembamba badala ya kimpira. Kuna vinavyojaa kwenye bakuli la sikio, na vidogo zaidi vinavyozama ndani mpaka visionekane. Anayeona haya huvutiwa na hivi vya mwisho, lakini kwa mazingira ya Katanga ndivyo vyenye usumbufu zaidi. Betri yao ni ndogo na huisha upesi, spika yao hukaa karibu na nta na jasho, na vidole vya mzee huhangaika kuvifungua. Kile cha nyuma ya sikio kina nguvu zaidi, kinafaa takriban viwango vyote vya upungufu, na kimpira kikiharibika hubadilishwa bila kugusa mashine. Kwa mtoto hakuna mjadala, kwa sababu sikio linapokua hubadilishwa kiziba peke yake na mashine hubaki ileile. Mwenye sikio lisiloacha kutoa usaha hawezi kuliziba. Wa namna hiyo humfaa kifaa cha kutetemesha mfupa. Na kwa uziwi mzito kupita kiasi, ambako hata kifaa chenye nguvu hakisaidii, hubaki upandikizaji wa koklea, ambao ni upasuaji wa gharama kubwa unaofuatwa na mazoezi ya muda mrefu.

Vikuza sauti vya bei nafuu, ambavyo huuzwa bila kipimo, ni kitu kingine kabisa. Hupandisha kila sauti kwa kiasi kilekile: mlango unaobamizwa sawa na mnong'ono. Sikio lililoumia mara nyingi lina tabia ya kutosikia sauti ndogo na papo hapo kuumizwa na sauti kubwa, ndiyo maana mzee husema “paza sauti” na muda si mrefu akaongeza “usinipigie kelele”. Kifaa kilichopangwa kwa odiogramu huinua sauti ndogo, hubana zile kubwa, na kina ukomo ambao sauti haiwezi kuuvuka.

Njia nyingine ya kupata kifaa ni jamaa wa Ulaya. Familia nyingi za Lubumbashi zina ndugu Ubelgiji au Ufaransa, na kifaa alichokiacha marehemu huko hufika kikiwa ndani ya sanduku la nguo. Kinaweza kuwa cha thamani kubwa na bado kikawa bure, maana kimepangwa kwa sikio la mtu mwingine. Ili kipangwe upya huhitajika kompyuta, programu ya kampuni iliyokitengeneza na njia ya kukiunganisha, na vifaa vingine hufungwa na maduka yaliyoviuza ili pasiwe na fundi mwingine wa kuvigusa. Busara ni kumuuliza kwanza mtaalamu atakayekihudumia hapa ni kampuni gani anaziweza, iwe Phonak, Oticon, Signia au nyingine, ndipo jamaa aambiwe cha kutuma. Kiziba cha marehemu hakirithiwi kamwe, hutengenezwa kipya.

Wenye uwezo huvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka mjini, wakaenda mpaka Lusaka, kutafuta huduma ya masikio na vipimo vya kusikia. Wanaokwenda mbali hivyo wapange na safari za kurudi. Kifaa hurekebishwa mara kadhaa katika miezi ya kwanza, na kununua leo bila kurudi tena ni kulipia nusu ya kazi. Kongo ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini tarehe 3 Mei 2022, lakini kwa familia nyingi mfuko unaofunguka bado ni wa nyumbani.

Siku za mwanzo humshangaza mtu. Sauti yake mwenyewe huwa kama inatoka kwenye pipa, sahani zinagongana kwa ukali, hata karatasi inakwaruza. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo unahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kuzizoea. Aanze nyumbani, chumba kikiwa kimya, akizungumza na mtu mmoja aliye mbele yake kwa umbali wa mita moja au mbili, na aongeze saa kila siku. Kanisani, sokoni na kwenye matanga patafuata baadaye, kwa sababu penye sauti nyingi hata kifaa bora huchanganya. Wenye upungufu masikio yote mawili hufanikiwa zaidi na vifaa viwili, hasa katika kujua sauti inatoka upande gani. Pesa zikitosha kimoja tu, kimoja ni bora kuliko kutokuwa nacho. Nao watu wa nyumbani wana sehemu yao: wamkabili usoni, waseme polepole, waache kupiga kelele. Sauti ya kelele ikipita kwenye kifaa huharibika na maneno hayaeleweki.

Betri nyingi za vifaa hivi ni za zinki na hewa, na hutambulikana kwa rangi ya kibandiko: njano ni namba 10, kahawia 312, machungwa 13, na buluu 675, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kibandiko kikibanduliwa hewa huingia na betri huamka. Hata kikirudishwa hailali tena. Hivyo hubanduliwa moja tu ya kutumia, kwa mikono mikavu, na huachwa dakika moja au mbili kabla mlango wake haujafungwa. Wengi hupuuza dakika hizo, kisha hulalamika kwamba betri ni mbovu. Namba 13 hudumu wiki moja hadi mbili. Tukichukua siku kumi, masikio mawili yatakula zaidi ya betri 70 kwa mwaka, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua. Usiku mlango wa betri huachwa wazi. Ukavu wa Julai na Agosti hufupisha maisha ya betri iliyokwisha kubanduliwa, kwa hiyo za akiba zibaki na vibandiko vyao, mbali na joto.

Vya kuchajiwa vinaondoa usumbufu wa kutafuta betri, lakini vinahamishia tatizo kwenye umeme. Saa tatu au nne za chaji hutosha kutwa nzima. Mahali ambapo umeme wa shirika la SNEL ni wa kubahatisha, hifadhi ya chaji au sola ndogo inapaswa kununuliwa pamoja na kifaa. Nchini Botswana, katika kijiji cha Otse, mradi wa Godisa ulioanzishwa miaka ya mwanzo ya 2000 ulionyesha kwamba betri za vifaa hivi zinaweza kuchajiwa kwa jua, na mafundi wake wengi walikuwa viziwi wenyewe.

Adui wa mashine ni nta, maji na vumbi. Kila jioni kifaa hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Spiriti na maji havigusi mashine. Kiziba hutenganishwa mara moja kwa wiki hivi, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hupulizwa ili matone yatoke kwenye tundu, kisha hulala kikikauka mpaka asubuhi. Kimpira kikigeuka njano na kuwa kigumu hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Machi, unyevu na jasho huzuia sauti. Kopo lenye kifuniko cha kubana, na ndani yake vile vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, hufanya kazi ya kukausha usiku, betri ikiwa imewekwa pembeni. Katika vumbi la Septemba matundu ya maikrofoni husafishwa kwa brashi laini, upande wa matundu ukielekea chini ili uchafu uanguke nje.

Kifaa kikipiga mluzi sikioni, mara nyingi kiziba hakijakaa vizuri, kimekuwa kidogo, au sikio limejaa nta. Kikinyamaza, hukaguliwa betri kwanza, halafu tundu la kiziba, halafu kimpira. Kukipima ni rahisi: huwashwa na kufumbatwa kiganjani, kikipiga mluzi, aghalabu kina uhai. Kikiwa kimya baada ya hatua zote hizo ni cha fundi, wala hakifunguliwi kwa bisibisi ya saa.

Watoto wachanga huhitaji kiziba kipya kila baada ya miezi michache, na mlango wa betri wenye kufuli, kwa kuwa betri ikimezwa ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo. Mtu mzima hurudia odiogramu mara moja kwa mwaka ili kifaa kipangwe kulingana na mabadiliko. Kikitunzwa hivyo, hufika miaka mitano au zaidi kabla ya kuhitaji kingine.