Kwa Nini Saa ya Betri Husimama

Saa za mkono zivaliwazo na wengi wetu siku hizi hazitiwi ufunguo kila asubuhi kama zile za babu zetu. Huenda kwa betri, na kwa hiyo zikisimama watu husema upesi, "Betri imekwisha." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi nimeona saa ikitiwa betri mpya, ikaenda miezi mitatu, ikasimama. Ikatiwa nyingine, ikasimama tena. Mwisho ikatupwa, au ikapewa mtoto aichezee. Saa hiyo haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu tu.

Watu hudhani ya kuwa ndani ya saa ya namna hii hamna kitu ila umeme. Sivyo. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona betri, saketi ndogo, na kichupa cha madini mfano wa punje ya mchele. Karibu nayo iko koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Na chini ya hivyo vyote, yamefichwa na kibati, yako magurudumu yenye meno kama ya saa yo yote ya zamani.

Ndani ya kichupa kile mna jiwe la kwatzi lililochongwa kwa umbo la uma wenye meno mawili. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walivumbua kwamba kwatzi ikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ikitiwa umeme hujikunja kidogo, na kwa njia hiyo uma ule hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini hesabu hiyo ya ajabu? Chukua kalamu uigawe kwa mbili: 16,384, 8,192, 4,096. Endelea hivyo mpaka umegawa mara 15, nawe utapata 1. Saketi hufanya hesabu hiyo hiyo usiku na mchana, na katika saa nyingi hutoa msukumo mmoja wa umeme kila sekunde. (Saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa madukani, Seiko Astron, ilitolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa bei ya yeni 450,000. Jiwe lake lilitetemeka mara 8,192 tu, nambari ambayo umekwisha kuiandika hapo juu.)

Sasa tufuate msukumo ule, maana hapa ndipo panaponipendeza zaidi. Huingia katika koili, koili hugeuza chuma chake kuwa sumaku kwa muda mfupi sana, na kisumaku kidogo cha mviringo, kama kichwa cha pini, hugeuka nusu mzunguko. Sekunde ifuatayo umeme hupita kwa upande wa pili, nacho humaliza nusu iliyobaki. Namna hii ya mota ilibuniwa na Mfaransa Marius Lavet mwaka 1936. Nusu mzunguko ni nyuzi 180. Magurudumu huupunguza mara 30, na mshale wa sekunde husogea nyuzi 6. Kisumaku hicho huzunguka mara 43,200 kwa siku, lakini nguvu yake ni haba mno. Unyuzi mmoja wa pamba ukinaswa kati ya meno waweza kukishinda.

Tena saketi za saa nyingi ni werevu. Zikiona kisumaku hakikugeuka, mara hutuma msukumo mwingine wenye nguvu zaidi. Basi saa chafu huendelea kuonyesha majira sawasawa, mwenyewe asijue lo lote, huku ikila betri kwa pupa. Rafiki yangu mmoja alinunua betri tatu katika mwaka mmoja, naye akamlaumu mwenye duka. Nilipoinua kibati nikakuta mafuta yameganda na vumbi katika tundu za magurudumu. Tangu isafishwe, betri ile ya tatu ndiyo ingalimo.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kupima, si kwa kubadilisha. Betri nzuri ya fedha, yaani ile yenye herufi SR, hupima volti 1.55. Ile ya alkali, LR, huwa na umbo lile lile na bei nafuu, lakini volti zake hushuka polepole siku zote, nami siipendi. Usiishike betri kwa kibano cha chuma kinachogusa pande zote mbili, maana utaimaliza. Kisha napima koili. Saa nyingi hutoa ohm elfu moja na kitu au elfu mbili na kitu. Mita isipoonyesha njia yo yote, waya umekatika, na mara nyingi umekatwa na ncha ya bisibisi ya mtu aliyefungua kwa haraka.

Vikiwa vizima vyote viwili, hutoa betri, saketi na koili, ndipo nikainua kibati. Mafundi wengine hutumbukiza kila kitu katika petroli. Petroli yaweza kuharibu plastiki na utando wa waya, basi koili na saketi visiingie kamwe. Tundu husafishwa kwa kijiti kilichochongwa ncha. Kisumaku nacho hukusanya chembe za chuma, nazo hazipanguswi. Hutolewa kwa kugandamiza kitu chenye kunata. Mafuta ni tone lisiloonekana vizuri kwa macho, kwenye ncha za mihimili tu, wala si kwenye meno.

Kurudisha kibati ndiyo kazi itakayo subira, kwani kila mhimili lazima uingie tunduni mwake. Usikaze skrubu kabla ya kuyasukuma magurudumu kwa kijiti na kuona yanazunguka bila kusita.

Ukiona mshale wa sekunde unaruka sekunde mbili mbili, usishtuke; saa nyingi hutoa ishara hiyo betri inapokaribia kwisha. Iondoe mapema, kwani betri iliyokwisha yaweza kuvuja. Ikiwa ya alkali imekwisha kuvuja, pangusa ukungu wake kwa kijiti kilicholowa siki kidogo, halafu kwa spiriti, uache pakauke kabisa kabla ya kutia nyingine.