TOPE LILILO CHINI YA TANGI

Ukitoka Makongeni asubuhi kwa miguu kuelekea sehemu ya viwanda, pua ndiyo itakayokuambia umefika. Sisi wenyeji tumezoea. Mgeni huuliza, "Kwani hapa kumekufa nini?" Hakujafa kitu. Ni maji yaliyokwisha kufanya kazi.

Thika ina viwanda vya ngozi, vya nguo, vya mafuta ya kupikia na vya matunda ya makopo. Vyote hutumia maji, na maji hayatoki jinsi yalivyoingia. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006 zilisema kuwa maji taka yanayomwagwa katika mazingira yasiwe na chembechembe zinazozidi miligramu 30 katika kila lita. Si ukali wa bure. Mto Chania huingia Mto Thika, nao Thika huteremka hadi bwawa la Masinga. Huko chini wako watu.

Zamani nilidhani kusafisha maji ni kutia dawa tu, basi. La hasha! Kazi ya kwanza ni kuyatuliza. Teka maji ya mto baada ya mvua, uyaweke katika gilasi hadi asubuhi. Utakuta juu ni meupe na chini kuna tope. Tangi la kutulizia maji ni gilasi hiyo hiyo, ila haisimami: maji huingia polepole, yakakaa kama saa mbili au tatu, kisha yakatoka kwa juu huku mashapo yakizama.

Sasa hapo ndipo penye maneno. Mashapo yakishazama, nani atayatoa?

Katika tangi zuri, mikono ya chuma iliyo kama reki huzunguka chini taratibu mno, ikilisukuma tope hadi kwenye shimo lenye umbo la faneli. Kutoka hapo valvu hufunguliwa au pampu hulivuta, kidogo kidogo, kila siku. Tope hilo ni maji zaidi kuliko uchafu. Chukua kilo 1,000 za tope lenye maji asilimia 98. Uchafu wenyewe ni kilo 20 tu. Ukiliacha lishikane mpaka maji yawe asilimia 96, uzito wote hushuka hadi kilo 500. Asilimia mbili tu, na nusu ya mzigo imekwenda! Mwalimu wa hesabu na akague.

Kwa hiyo wako wanaochelewa kulitoa, wakidhani wanaokoa gharama. Lakini tope likizidi hula nafasi ya maji. Maji hupita mbio bila kutulia. Tena huko chini hakuna oksijeni, hivyo tope huanza kuoza na kutoa mapovu. Mapovu hulibeba vipande vipande hadi juu, yale yaliyokuwa yamezama yakaelea tena na kutoka na maji kwenda mtoni. Kazi yote bure!

Na katika mapovu hayo mna gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Hunuka kama yai viza, ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini ya tangi.

Nilipokuwa darasa la saba, mjomba wangu alikuwa kibarua katika kiwanda ambacho sitakitaja. Siku moja alirudi saa nne asubuhi.

"Mjomba, mbona mapema hivi?"

"Mpwa wangu, leo nimekataa kuingia kaburini."

Tangi lao lilikuwa la zamani, limefunikwa kwa zege, na halikuwa limetolewa tope kwa miezi. Nyapara aliwapa ndoo na mabeleshi. Walipofunua kifuniko, uvundo uliwarudisha nyuma. Wakakaa pale mdomoni mwa tangi wakibishana, na baada ya muda mfupi uvundo ukakatika. Wenzake wakashangilia, ati hewa imesafika. Mjomba akakataa. Nyapara akamwambia, "Kama huwezi, wako wengi getini." Mwenzake mmoja akakubali. Mjomba alimsihi angalau ajifunge kamba kiunoni. Hakufika hata chini. Alilegea kwenye ngazi kama nguo iliyoloa, wakamvuta kwa kamba ile. Alipona. Mjomba hakuitwa kazini tena.

Baadaye nilisoma sababu. Gesi hiyo ikifikia kama sehemu 100 katika sehemu milioni moja za hewa, huua uwezo wa pua kunusa. Uvundo haukwenda popote. Ni pua zilizokufa ganzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 huhitaji hewa ya tangi kama hilo ihakikishwe kuwa salama kabla mtu hajaingia, au aingie na kifaa cha kupumulia, mshipi na kamba, na mtu wa kumvuta awe nje.

Tope likishatolewa hutandazwa juu ya mchanga na kokoto likauke. Lile la viwanda vya ngozi huweza kuwa na kromiamu, kwa hiyo usidanganywe na weusi wake ukalitia kwenye sukuma wiki.

Siku hizi mjomba yuko kwingine, na kazi yake ni valvu. Huifungua kila asubuhi, akatazama. Tope zito la kahawia likitoka, huliacha litoke. Maji yakianza kuwa mepesi, huifunga. Likitoka jeusi lenye mapovu, huenda moja kwa moja kuuliza ni nani aliyekuwa zamu jana.