Sura ya Nne: Kuvumilia Usichokikubali

Kila nikigusa ndoa za jinsia moja mbele ya watu wa Kampene, Kongo, kuna atakayenikata maneno: «Mwalimu, ukituambia tuvumiliane, basi umeshakubali.» Sivyo. Aliyekubali jambo hana cha kuvumilia, na asiyejali hana pia. Mvumilivu ni yule anayeliona jambo ni kosa, ana sababu zake, na bado hampigi mwenzake wala kumziba mdomo. Upande wa pili nao wana lao: eti kila anayepinga ndoa hizi ana chuki tu, hivyo hastahili jibu. Halafu kuna upuuzi wa kisasa, kwamba kila mtu ana ukweli wake. Kama ni hivyo, tunabishana nini?

Sheria kwanza, maana uvumi ni mwingi. Ibara ya 40 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inampa mtu haki ya kufunga ndoa na amtakaye, wa jinsia tofauti. Ndoa ya jinsia moja, basi, haimo. Lakini mswada wa mbunge Steve Mbikayi wa 2013, uliotaka mahusiano yenyewe yawe kosa la jinai, haukupita. «Isiwe ndoa» na «wafungwe» ni madai mawili, na la kwanza halizai la pili. Atakaye la pili alete hoja nyingine.

Nilikusudia kuzipima hoja tatu kwa zamu: ya mila, ya haki na ya dini. Ya mila imekula nafasi.

Husemwa kwamba Afrika haikuwahi kujua ndoa ila ya mwanamume na mwanamke. Nenda Tarime, mkoani Mara, Tanzania. Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wa mahari na kumwoa msichana. Msichana anazaa na mwanamume, na watoto ni wa nyumba ya yule mama. Wao ndio watakaorithi boma. Wanandi wa Kenya wana desturi ya namna hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi. Wanaotetea ndoa za jinsia moja wakisikia haya hushangilia. Wangoje kidogo: wanawake hawa hawalali pamoja kama mume na mke, kinachotafutwa ni mrithi. Mfano huu unamnyima kila upande ushahidi alioutaka, na ndiyo maana naupenda.

Hoja ya haki itasubiri sura ijayo. Ya dini, tazama waraka Fiducia Supplicans, uliotolewa Vatikani tarehe 18 Desemba 2023. Wengi huapa kwamba uliruhusu ndoa. Haukuruhusu, uliruhusu baraka fupi kwa wapenzi wa jinsia moja, nje ya liturujia, na mafundisho ya ndoa ukayaacha palepale. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa huku: zingekwenda kinyume na utamaduni na kuwachanganya waumini. Alisema hayo bila kujitenga na Papa. Siku chache baadaye maaskofu wa Afrika Kaskazini wakaona vingine: zinaweza kutolewa, mradi zisilete mkanganyiko. Mimi hoja ya mkanganyiko naiona nzito kuliko ya utamaduni, kwa sababu ya wale ng'ombe wa Tarime.