Mkulima wa Mahindi Asiuze kwa Pupa: Mapendekezo Manne ya Sera ya Kilimo

Kaunti ya Trans Nzoia ni miongoni mwa kaunti zinazolisha Kenya. Mahindi hupandwa mwezi wa Machi na Aprili na kuvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Hata hivyo, wakulima wengi wadogo humaliza msimu wakiwa na madeni, hata mwaka ambao mavuno ni mazuri.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, yale ambayo serikali ya kaunti inaweza kufanya kisheria, na jinsi mwananchi anavyoweza kutoa maoni yake. Haya ni mapendekezo ya kujadiliwa, si sheria iliyopitishwa.

Tatizo liko wapi?

Msaada unaojulikana zaidi ni mbolea ya bei nafuu. Mwezi wa Septemba 2022, serikali ya kitaifa ilipunguza bei ya gunia la kilo 50 hadi Sh3,500, na mwaka wa 2023 ikashuka tena hadi Sh2,500. Nafuu hiyo imewafaa wakulima wengi. Lakini mbolea humsaidia mkulima kabla ya kuvuna, ilhali hasara yake kubwa huja baada ya kuvuna.

Mwezi wa Novemba kila mtu ana mahindi, kwa hivyo bei huanguka. Wakati huo huo mkulima anadaiwa pesa za trekta na vibarua, na mwezi wa Januari shule zinafunguliwa na karo inatakiwa. Mahindi yake bado yana unyevu, hana pa kuyakaushia, na dumuzi wanamsubiri ghalani. Dalali akifika na lori, mkulima anauza kwa bei atakayoambiwa. Miezi sita baadaye, familia iyo hiyo hununua unga kwa bei ya juu.

Kaunti ina mamlaka gani?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa jukumu la sera ya kilimo ya nchi nzima. Ushuru wa mahindi yanayotoka nje na ununuzi wa akiba ya chakula ya taifa pia si kazi ya kaunti. Kwa hivyo ahadi yoyote kwamba kaunti itapanga bei ya mahindi isiaminiwe.

Kaunti, kwa upande wake, imekabidhiwa ukulima wa mimea na ufugaji, huduma za ugani, udhibiti wa magonjwa ya mimea, barabara za kaunti, masoko na vyama vya ushirika. Huko ndiko inakoweza kumpa mkulima nguvu ya kusubiri bei nzuri.

Mapendekezo manne

1. Mashine za kukausha karibu na mkulima. Mahindi yanayokubalika sokoni hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo huota kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini ambayo ni hatari kwa afya. Mashine ya kuhamishwa ikizunguka katika wadi wakati wa mavuno, kwa ratiba inayotangazwa mapema, itaokoa mahindi mengi.

2. Maghala ya vyama vya ushirika na stakabadhi ya ghala. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2019 inamruhusu mkulima kuweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa na kupewa stakabadhi inayoonyesha kiasi na ubora wake. Stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kaunti isaidie vyama kukarabati maghala yafikie kiwango kinachotakiwa, na wakulima wadogo wakusanye mzigo wao pamoja.

3. Maafisa wa ugani wa kutosha. Afisa afundishe kupima unyevu, kutumia magunia yasiyopitisha hewa na kuweka hesabu ya gharama. Mkulima asiyejua kila gunia limemgharimu pesa ngapi hawezi kujua kama bei anayopewa ni hasara.

4. Fungu la bajeti linaloonekana. Mwaka wa 2003, mjini Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti za nchi zao kwa kilimo. Kaunti nayo inaweza kujiwekea kiwango chake, na kuwaeleza wananchi kila mwaka pesa zilivyotumika.

Je, kusubiri kuna faida?

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye magunia 20 ya mahindi makavu. Akiuza Novemba kwa Sh3,000, atapata Sh60,000. Akiyaweka ghalani, akope Sh30,000 za karo, auze mwezi wa Mei kwa Sh4,000, atapata Sh80,000. Tuseme ghala linatoza Sh30 kwa gunia kila mwezi: hiyo ni Sh3,600 kwa miezi sita. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi ni Sh2,700. Akiisha kulipa gharama hizo, bila kuhesabu mkopo wenyewe anaourudisha, amepata Sh73,700, yaani Sh13,700 zaidi.

Lakini bei ikipanda hadi Sh3,200 pekee, atakuwa amepoteza Sh2,300. Katika mfano huu, faida huanza bei inapopita Sh3,315. Kwa hivyo mkulima asilazimishwe kuweka mahindi yake yote ghalani. Jirani zetu wa Tanzania wametumia stakabadhi ghalani kwa korosho tangu msimu wa 2007/2008, na wakulima huko wamewahi kulalamikia makato na malipo yanayochelewa. Sera yetu inafaa itaje wazi kila makato na siku ambazo malipo yatakamilika.

Mwananchi afanye nini?

Sera isiyo na bajeti hubaki karatasi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hudhuria vikao vya maoni ya umma vinapotangazwa katika wadi yako. Usiseme tu, "Tusaidiwe." Taja mashine inahitajika kijiji gani, ghala gani limeachwa bila kazi, na barabara ipi hukwamisha malori ya mavuno.

Huwezi kuhudhuria? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti. Andikeni mkiwa kikundi, mtie sahihi, mbaki na nakala, na mmkabidhi mwakilishi wadi nakala nyingine ili afuatilie majibu.