Mabilioni ya Sinema na Hesabu Isiyofika Kilifi

Hivi majuzi nilikuwa nikifundisha ufahamu katika shule moja isiyo mbali na barabara kuu iendayo Malindi. Kifungu nilichokichagua kilihusu mapato ya filamu kubwa za ulimwengu, na ndani yake mlikuwa na sentensi iliyodai kwamba filamu ya Avatar, iliyotolewa mwaka 2009, ilitazamwa na dunia nzima. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ambaye aghalabu husinzia kipindi hicho kinapoangukia baada ya chakula cha mchana, aliinua mkono.

"Mwalimu, mimi niliitazama kwenye banda la video kule kwetu, kwa shilingi ishirini. Hizo pesa zangu zimo katika zile bilioni?"

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka nao, kisha nikatambua kwamba kijana huyu alikuwa ameuliza swali la maana kuliko maswali yote kumi yaliyoandikwa chini ya kifungu. Naomba msomaji aniwie radhi, basi, ikiwa safu ya leo itakuwa na tarakimu nyingi kuliko ilivyo ada yake.

Avatar, kazi ya mwelekezi James Cameron, imeingiza takriban dola bilioni 2.9 tukijumlisha na maonyesho yake ya marudio. Avengers: Endgame iliipokonya taji mwaka 2019 kwa kufikisha karibu dola bilioni 2.8, lakini Avatar ikalirudisha mwaka 2021 ilipoonyeshwa tena nchini China. Kabla ya hapo ilitawala Titanic ya mwaka 1997, ya Cameron yuyo huyo, iliyogharimu kama dola milioni 200 na ikawa filamu ya kwanza kuvuka dola bilioni moja. Magazeti huzipanga filamu hizi kama timu katika jedwali la ligi, na wasomaji wakaamini kwamba iliyo juu ndiyo iliyopendwa zaidi.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapojificha, na mwalimu yeyote wa hisabati angeweza kulifichua kwa chaki na ubao. Mwaka 1939, Gone with the Wind ilipotoka, bei ya wastani ya tiketi ya sinema nchini Marekani ilikuwa kama senti 23. Mwaka 2009 bei hiyo ilikuwa imefika dola saba na nusu, na walioitazama Avatar kwa miwani ya pekee walitozwa zaidi ya hapo. Kulinganisha mapato ya filamu hizi mbili bila kurekebisha thamani ya fedha ni sawa na kulinganisha mshahara wa karani wa enzi ya Mwingereza na wa karani wa leo, kisha kutangaza kwamba wa leo ni tajiri. Wanaofanya marekebisho hayo huiweka Gone with the Wind juu ya zote, kwa zaidi ya dola bilioni tatu za siku hizi. Na hukadiriwa kwamba nchini Marekani pekee iliuza tiketi zipatazo milioni 200 katika miaka yake yote ya kuonyeshwa.

Kosa la pili ni la wale wanaodhani mapato ya tiketi ni faida. La hasha. Takriban nusu ya fedha hubaki kwa wenye majumba ya sinema, na nchini China mtayarishaji wa kigeni huambulia kama robo tu. Gharama za matangazo nazo hazimo katika bajeti inayotajwa. Filamu inaweza kuvuna mamilioni ya kutisha magazetini na bado wenyewe wakalala na madeni.

Lakini hayo ni mambo ya wenye mali. Swali la kijana wangu lilikuwa jingine: ni nani anayehesabiwa?

Wazee wa pwani hii watakumbuka kwamba zamani hizo hatukuwa tukiulizana filamu imeingiza dola ngapi. Sinema iliyotutia wazimu haikutoka Hollywood. Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ilipendwa Zanzibar na miji mingine ya Waswahili mpaka nyimbo zake zikaimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Katika Urusi ya Kisovieti filamu hiyo iliuza tiketi zaidi ya milioni 60. Mother India ikafuata mwaka 1957. Sholay, iliyotolewa Agosti 1975, ilidumu miaka mitano katika jumba la Minerva kule Bombay. Tiketi hizi zililipiwa kwa rupia na rubo na shilingi za Afrika Mashariki, na zikigeuzwa kuwa dola huonekana kama takrima. Ukihesabu vichwa vya watu badala ya noti, hata hivyo, Raj Kapoor ana haki ya kuketi meza moja na Cameron. Leo hali imeanza kugeuka: mwaka 2025 filamu ya katuni ya Kichina, Ne Zha 2, ilivuka dola bilioni mbili, na karibu zote zilitoka katika nchi moja. Wachina wengi na wenye fedha hatimaye wameingia daftarini. Wahindi waliokuwa wengi na maskini hawakuwahi kuingia.

Sisi wa Kilifi je?

Wengi wetu tuliokulia kaskazini ya hori la Kilifi hatukuingia jumba la sinema mpaka tulipofika Mombasa. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 ilibidi kwanza kuvuka kwa feri, na mtoto aliyerudi na habari za Regal au Naaz alipewa heshima ya hujaji. Hayo ya magari ya serikali yaliyokuja kutandika shuka jeupe uwanjani siyahesabu, kwani yalikuwa ya bure na yenye nasaha. Desturi hiyo ni kongwe: tangu mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza, wakiwa na makao yao Vugiri katika milima ya Usambara, walitengeneza filamu za kutufunza habari za safura, kodi na akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki. Stelingi wa filamu hizo alikuwa ni dawa ya minyoo.

Sinema yetu ya kulipia ilikuja kwa deki. Nazungumzia lile banda la makuti lenye mabenchi ya mbao, magunia yaliyozibwa madirishani kuzuia mwanga na macho ya wasiolipa, televisheni moja iliyoinuliwa juu ya kabati, na jenereta inayonguruma nje hata sauti ya bunduki za Commando ikashindwa kujulikana na ya injini. Mlangoni aliketi kijana mwenye kopo la maziwa. Shilingi tano zilimwingiza mtu. Watoto wawili wembamba waliweza kuingia kwa tano hiyo hiyo iwapo mwenye kopo alikuwa amekula. Humo ndimo tulimowajua Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973 kabla hajaiona Enter the Dragon ikitamba, na Rambo, na Amitabh Bachchan. Humo pia ndimo Titanic ilimozama, mwaka 1998, kwa kanda mbili. Na kati ya kanda ya kwanza na ya pili jenereta iliongezwa mafuta huku meli ikiwa tayari imegonga barafu nasi tukisubiri gizani.

Na tukumbuke mfasiri. Aghalabu alikuwa mtu mmoja tu aliyejua Kiingereza, au aliyedai anakijua, akasimama kando ya televisheni na kutueleza stelingi anasemaje. Kazi hiyo imezaa mabingwa. Kule Tanzania alivuma Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Uganda wana VJ Jingo na wenziwe. Hapa Kenya DJ Afro amewafanya majambazi wa Marekani wazungumze kama makanga wa matatu. Wapo walimu wenzangu wanaowalaumu mabwana hawa kwa kuharibu lugha. Mimi naona kinyume. Mtu awezaye kuichukua hadithi ya New York na kuwafanya wavuvi wa Ngomeni waicheke mahali panapofaa kuchekwa ana kipaji ambacho mitihani yetu haijapata kukipima. (Ngomeni, kwa wasioifahamu, ndiko kulikorushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini. Tumewahi kutuma macho angani kutazama nyota kabla ya kupata kiti cha kutazamia sinema.)

Sasa piga hesabu. Banda likiwa na watu arobaini, kila mmoja na shilingi zake ishirini, limekusanya shilingi mia nane. Mafuta yatolewe, na kodi ya kiwanja, na kanda au diski yenyewe. Kilichobaki ni cha mwenye banda. Kilichofika Marekani ni sufuri. Kwa hiyo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi wangu ni fupi: la, fedha zako hazimo. Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya mwaka 2019, na katika daftari la watazamaji wa Avatar karibu wote ni kana kwamba hawajazaliwa.

Najua nitakachoambiwa: banda hilo linaiba. Ni kweli, na sina nia ya kuupaka wizi rangi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, humtaka anayeonyesha filamu hadharani awe na leseni. Lakini aliyenunua Titanic kwa shilingi tano hakumnyang'anya Cameron tiketi ya dola saba. Dola saba hakuwa nazo kamwe. Cameron hakuumia. Aliyeumia ni mwingine, naye yu karibu nasi.

Tazama Uganda. Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayosemekana haikufika hata dola 200. Filamu yenyewe aliitembeza kwa kuiuza nyumba kwa nyumba, akijua fika kwamba ana siku chache kabla ya nakala za wezi kumfikia. Sehemu zake zilizowekwa kwenye intaneti zimetazamwa na mamilioni, ila hakuna jedwali la mapato litakaloitaja. Hapa kwetu Nairobi Half Life ya mwaka 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, ilionyeshwa katika majumba yenye viti vya starehe. Nyumbani kwangu niliikuta kwenye diski iliyopakiwa filamu nyingine saba, tano za Kichina. Niliinunua. Naungama.

Banda haliulizi filamu ni ya nani. Shilingi ishirini inayomkosa tajiri wa California ndiyo hiyo hiyo inayomkosa kijana wa Malindi aliyekopa kamera ya harusi ili apige picha ya hadithi ya bibi yake. Tofauti ni kwamba tajiri analipwa na wengine, ilhali kijana huyu hana wengine. Kila mwaka wanafunzi wetu hutunga na kurekodi filamu kwa ajili ya tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza na filamu la shule na vyuo. Huzishindania, hupewa vyeti, kisha filamu zenyewe hulala katika kompyuta ya mwalimu mpaka kompyuta ife. Shule ina ukumbi. Ina projekta iliyofungiwa stoo. Ina wazazi ambao wangetoa shilingi hamsini kumwona mtoto wao ukutani. Kwa nini hatuuzi tiketi, tukazihesabu, na kumpa mtunzi chake hata kikiwa shilingi elfu mbili? Sijapata kuelezwa.

Nililieleza hayo darasani juma lililofuata, nikampa yule kijana kazi: Jumamosi aende kwenye banda lao na daftari, aandike filamu iliyoonyeshwa, waliolipa, na kiasi kilichokusanywa, ili darasa lipate takwimu zake lenyewe. Jumatatu aliniletea ukurasa wenye tarakimu moja tu, kubwa: watu 63. Mahali pa jina la filamu palikuwa patupu.

"Hawakuonyesha picha, mwalimu," aliniambia. "Arsenal walikuwa wanacheza."