Kiwavi cha mahindi: tuhesabu siku zake kabla ya kununua dawa



Musimu A uliopita, mama mmoja wa koperative huku Kibombo aliniletea muhindi mzima, ameung'oa na mizizi yake. Majani yalikuwa yametobolewa ovyo, na pale katikati, majani mapya yanapotokea, kulijaa mavi ya kiwavi kama unga wa mbao uliolowa. Komite ilikuwa imeshatoa pesa kwenye sanduku ili mtu apande pikipiki aende Kindu kununua dawa. Nilipasua ule muhindi kwa kisu. Kiwavi niliyemkuta ndani alikuwa na urefu wa santimetre tatu na nusu. Nikawaambia: rudisheni pesa. Siku ile hawakunipenda hata kidogo.

Sababu yangu iko katika maisha ya huyu mdudu, basi tuanzie kwa mama yake.

Mama yake ni kipepeo wa usiku, wengine wanasema nondo. Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Huku Afrika walimtambua mwaka 2016, upande wa magharibi, na miaka miwili baadaye alikuwa amefika karibu nchi zote zilizo kusini ya Sahara, Congo yetu ikiwamo. Msishangae: upepo ukimsaidia, anaweza kuruka kilometre mia moja kwa usiku mmoja.

Ukimuona karibu na taa, hutamuogopa. Akifungua mabawa ana santimetre tatu mpaka nne. Bawa la mbele la dume ni la kijivu na kahawia, lina madoa, na kwenye ncha lina alama nyeupe ya pembe tatu. La jike halina urembo mwingi. Mabawa ya nyuma ni meupe-meupe yenye ukingo mweusi mwembamba. Yeye mwenyewe hali majani, anafyonza tu maji matamu ya maua. Mchana anajificha, usiku anatoka kutafuta mwenzake na mahali pa kutagia. Anaishi kama siku kumi, lakini katika hizo siku chache jike mmoja anaweza kutaga mayai elfu moja na zaidi.

Mayai hayo anayabandika kwenye jani, mia moja mpaka mia mbili kwa fungu moja, na anayafunika kwa manyoya yake ya kijivu. Ukipita haraka utafikiri ni ukungu. Hapo ndipo kidole chako kina nguvu kuliko dawa yoyote: unabana mara moja, viwavi mia wamekwisha.

Ukiwaacha, wanatoka baada ya siku mbili au tatu. Ni wadogo, kichwa cheusi, wanakwaruza jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama vidirisha. Kisha wanajiachilia kwa uzi mwembamba, upepo unawapeleka kwenye mahindi ya jirani. Wakishakua kidogo wanaingia katikati ya muhindi na kuanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo sababu ndani unakuta mkubwa mmoja tu, au wawili.

Namna ya kumtambua: kwenye uso ana mistari myeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama miguu ya meza. Ukikosa hayo madoa, huyo ni mdudu mwingine. (Wengine wameniuliza kama analiwa kama viwavi vyetu vya pori. Wa shamba lililopigwa dawa, hapana kabisa. Tuendelee kula vya porini.)

Maisha ya kiwavi yote ni kama majuma mawili, wakati mwingine matatu, na anabadili ngozi mpaka anafika hatua ya sita. Sasa sikieni vizuri: chakula kingi anakila katika zile siku za mwisho. Majuma yote ya kwanza anakula kidogo, nasi hatumuoni. Tunapoona matobo makubwa na kulia, yeye ameshashiba. Tena amejifungia ndani, mavi yake yameziba mlango, dawa haimfikii. Baada ya siku chache anashuka mwenyewe, anaingia ndani ya udongo, santimetre mbili mpaka nane, na kulala humo siku nane mpaka kumi akiwa mwekundu wa kahawia. Halafu anatoka kipepeo.

Hesabu yote, kutoka yai mpaka yai, ni mwezi mmoja hivi. Muhindi wa siku mia moja unaweza kulisha vizazi vitatu. Na huku kwetu hakuna baridi ya kumuua. Wakati wa kiangazi anapungua tu, anaishi kwa mahindi ya kando ya maji na kwa majani ya jamii ya nyasi.

Kwa hiyo yule mkubwa wa siku ile hakuwa shida tena. Shida ilikuwa shamba la jirani yake aliyechelewa kupanda, mahindi yenye majani matano. Tulihesabu: majuma mawili hivi, na mayai yatakuwa pale. Kuanzia siku ya kumi tulipita mara mbili kwa juma, asubuhi, si kando ya njia tu, tukikata shamba kwa mistari ya kwenda na kurudi. Watoto ndio waliona mafungu ya manyoya mbele yetu. Mahali vidirisha vilikuwa vimeanza, tulitia mchanga kidogo au majivu katikati ya muhindi. Si dawa ya maajabu, mvua kubwa ikinyesha inabidi kurudia. Sisimizi na nyigu tuliwaacha, kwa sababu nao wanawala viwavi. Pulizia-pulizia ovyo inawaua hao kwanza.

Siku dawa ikihitajika kweli, ipigwe viwavi wakiwa wadogo, jioni, na isiwe ile ya kumiminwa katika chupa ya soda bila karatasi ya maelezo.

Jirani alipoteza mahindi machache. Ile pesa ya sanduku, komite ilinunua magunia.